Funga daftari kwanza: namna ya kusoma ili usisahau kabla ya mtihani

Kila muhula wa pili ukianza, swali ni lilelile. Mwanafunzi anakuja jioni, anakaa kwenye benchi nje ya nyumba yangu hapa Arua, Uganda, anafungua daftari lililopigwa mistari ya njano toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ananiambia: "Mwalimu, hii nimesoma mara nne, lakini nikiingia chumba cha mtihani inapotea yote." Wiki iliyofuata anakuja mzazi wake kuomba nimwambie mtoto aongeze saa za kusoma. Kumbe mtoto tayari analala saa sita usiku.

Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, mara nyingine kwa haraka nikiwa njiani. Kwa hiyo leo naandika jibu zima. Nakuandikia wewe unayejiandaa kwa UCE au UACE, yaani mitihani ya taifa ya Uganda ya mwisho wa S.4 (kidato cha nne) na S.6 (kidato cha sita), lakini hata kama uko chuo cha uuguzi au unajifunza lugha, hatua ni zilezile.

Njia yenyewe ina mambo mawili tu. La kwanza ni kujiuliza bila kutazama: unafunga daftari na kuilazimisha akili itoe jibu yenyewe. La pili ni kurudia kwa kuachanisha siku: kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, badala ya kurudia mara tano usiku mmoja.

Kwa nini inafanya kazi, nitasema kwa ufupi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi sana saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Mwaka 2006, huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Baadhi waliisoma tena na tena, wengine waliisoma kisha wakajipima. Walipoulizwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka zaidi. Tafadhali usiliache jambo hili likupite, kwa sababu ndilo linalotudanganya sote. Usiku ule ukisoma tena, kila kitu kinaonekana unakijua. Lakini mtihani hauji baada ya dakika tano.

Mimi mwenyewe nilidanganyika hivyo chuoni. Nilisoma noti za mfumo wa fahamu usiku kucha, asubuhi nikakaa mbele ya swali nikaikumbuka karatasi ilivyo, hata mahali mchoro ulipokuwa, upande wa kulia chini. Maneno yaliyoandikwa pale sikuyaona. Nilirudia somo lile mwaka uliofuata.

Utakachohitaji

- Karatasi mbili au tatu za manila. Kunja moja katikati mara tatu, kata kwenye mikunjo, upate vipande vinane. Kila kipande kikunje mara tatu tena na ukate. Manila moja inakupa kadi 64, ukubwa wa kiganja. Humo utaandika maswali na majibu.
- Boksi la viatu la kupangia kadi kwa siku za kujiuliza, na vipande vinne vya kadibodi vya kuligawa sehemu tano. Ziandike namba 1 hadi 5.
- Kalamu za rangi mbili na penseli moja.
- Karatasi tupu za kuchafua. Migongo ya karatasi zilizokwisha kutumika inatosha.
- Mitihani ya miaka iliyopita ya masomo yako.
- Nusu saa kwa siku, wakati uleule. Mimi napenda baada ya chakula cha jioni, kabla hujaanza kusinzia.

Kama una simu, programu ya Anki inafanya kazi ya boksi bila malipo kwenye Android, na ukishaipakua huhitaji intaneti kujiuliza. Lakini shule nyingi za bweni hapa Uganda haziruhusu simu, na boksi halihitaji chaji umeme ukikatika. Anza na boksi.

Hatua ya 1: Soma mara moja, uelewe

Usitengeneze kadi ya kitu usichokielewa. Soma mada, muulize mwalimu, muulize mwenzako, chora mchoro wake. Ukikariri sentensi usiyojua maana yake, mtihani ukibadilisha neno moja umekwisha. Kwa upande wa kusoma, mara moja kwa utulivu inatosha. Kalamu ya njano iache mezani.

Hatua ya 2: Funga daftari, andika kwenye karatasi tupu

Mara tu unapomaliza, funga. Chukua karatasi tupu na uandike kila unachokumbuka kuhusu mada ile, bila mpangilio, kwa dakika kumi. Utafika mahali utakwama, utasikia mkono unataka kufungua daftari. Usifungue. Kaa na ule ugumu dakika mbili tatu. Akili inapotafuta ndipo inapojenga njia ya kurudi pale siku nyingine.

Kisha fungua daftari, na kwa kalamu ya rangi ya pili jaza yote uliyoyakosa. Sasa itazame karatasi yako. Rangi ya kwanza ndiyo elimu uliyonayo, ya pili ni ile uliyodhani unayo.

Msichana mmoja wa S.4 alifanya hivi mbele yangu kwa mada ya mzunguko wa damu, mada aliyoapa kwamba anaijua. Aliandika mistari sita. Alipofungua daftari, rangi nyekundu ilijaza karatasi pande zote mbili. Alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nasoma nini?" Nilimwambia asivunjike moyo, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na orodha kamili ya kitu cha kusoma.

Hatua ya 3: Yale uliyokosa yageuze kuwa maswali

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kadi ina swali mbele na jibu nyuma. Swali liwe moja, na jibu liwe fupi kiasi kwamba unajua bila ubishi umepata au umekosa. Kosa la kawaida ni kuandika mbele "Mkataba wa Buganda wa 1900", na nyuma kunakili ukurasa mzima. Kadi kama hiyo utaisoma, hutajiuliza. Igawanye:

- Nani alitia sahihi kwa niaba ya Waingereza? *Harry Johnston.*
- Kwa nini Kabaka (mfalme wa Buganda) hakutia sahihi mwenyewe? *Daudi Chwa alikuwa bado mtoto. Walitia sahihi watawala waliomshikia nafasi, akiwemo Katikiro (waziri mkuu) Apolo Kaggwa.*
- Neno "mailo" kwa mambo ya ardhi limetoka wapi? *Ardhi iligawanywa kwa maili za mraba.*
- Kodi ya kibanda ilikuwa kiasi gani kwa mwaka? *Rupia 3.*
- Kwa nini machifu waliukubali mkataba ule? *Uliwapa ardhi iwe mali yao wenyewe.*

Tazama lile la mwisho. Kwa kila kadi tatu za "nani" na "lini", weka angalau moja ya "kwa nini" au "ingekuwaje". Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unataka mwanafunzi atumie alichojifunza, na tarehe peke yake haitakubeba.

Jambo la lugha nalo. Bayolojia, jiografia na historia utaulizwa kwa Kiingereza, basi swali na jibu la kadi liwe kwa Kiingereza, kwa maneno yaleyale ya mtihani. Ila ukishajibu, jieleze kwa sauti kwa Kiswahili, au kwa Kilugbara, au kwa lugha yoyote unayoiota usiku, hicho ulichosema kina maana gani. Ukishindwa kukieleza kwa lugha ya nyumbani, rudi Hatua ya 1.

Kwa somo la Kiswahili lenyewe, ambalo wengi wanalichukua wakidhani ni la bure kwa kuwa wanalizungumza sokoni, kadi ni msaada mkubwa mno. Kiswahili chetu cha huku hakijali sana ngeli, na mtihani unajali. Andika mbele namna tunavyosema, na nyuma namna mtihani unavyotaka:

- "Jembe yangu imevunjika." → *Jembe langu limevunjika.*
- "Kitabu ile iko wapi?" → *Kitabu kile kiko wapi?*
- "Miti yote zimeanguka." → *Miti yote imeanguka.*

Kusanya makosa yako mwenyewe kutoka insha zilizosahihishwa. Kadi iliyotokana na kosa lako ina thamani kuliko kumi ulizonakili kwa jirani.

Angalizo: usitengeneze zaidi ya kadi 8 mpya kwa siku. Najua utakuwa na hamu. Sababu ya hesabu hiyo utaiona Hatua ya 5.

Na hisabati? Huko kadi ni za kanuni chache tu. Mazoezi yenyewe ni kuchukua swali ulilokwisha kulifanya, kufunika majibu, na kulifanya upya kwenye karatasi tupu toka mwanzo hadi mwisho. Kusoma hesabu iliyokwisha kutatuliwa huku unatikisa kichwa hakukufundishi kitu.

Hatua ya 4: Jiulize kwa uaminifu

Soma swali. Kabla ya kugeuza kadi, sema jibu kwa sauti au liandike. Kulisikia "kama liko hapa mdomoni" hakuhesabiki. Kisha geuza.

Umepata nusu? Umekosa. Umepata baada ya kuchungulia neno la kwanza? Umekosa. Najua inauma, hasa kadi ikiwa imefika mbali. Lakini hakuna anayekuona, na kadi hii ukiipa alama ya huruma leo utakutana nayo tena Oktoba, kwenye chumba cha mtihani.

Hatua ya 5: Iweke kadi mahali pake kwenye boksi

Mpango huu wa boksi ulienezwa na mwandishi wa habari Sebastian Leitner miaka ya 1970. Siku za kuachanisha ninazotumia mimi ni hizi:

Sehemu ya 1: kesho.
Sehemu ya 2: baada ya siku 3.
Sehemu ya 3: baada ya siku 7.
Sehemu ya 4: baada ya siku 14.
Sehemu ya 5: baada ya siku 30.

Kadi mpya inaingia Sehemu ya 1. Ukiipata, inasonga mbele sehemu moja. Ukiikosa, hata kama ilikuwa ya 5, inarudi ya 1. Kila inapoingia sehemu, andika kwa penseli pembeni tarehe itakayoulizwa tena, na uiweke nyuma ya wenzake. Kwa hiyo kadi za mbele katika kila sehemu ndizo za leo au zilizokaribia, na huna haja ya kupekua boksi zima.

Mfano: kadi ya ngeli uliyoiandika tarehe 1 Juni. Unaulizwa tarehe 2, umepata, inakwenda Sehemu ya 2. Unaulizwa tarehe 5, umepata. Halafu tarehe 12. Halafu tarehe 26. Halafu tarehe 26 Julai. Umejiuliza mara tano tu ndani ya siku 55, kila mara sekunde chache. Ukiipata ile mara ya tano, itoe kwenye boksi, ifunge na wenzake kwa mpira, uipitie tena kabla ya mitihani ya moko (ya majaribio) na kabla ya mtihani wenyewe.

Sasa hesabu ya kadi 8. Ukiongeza 8 kila siku na kuzipata zote, baada ya muda utakuwa na 8 za leo katika kila sehemu: kadi 40. Kwa nusu dakika kila moja, ni dakika 20. Zikichanganyika na ulizokosa, nusu saa. Mwanafunzi anayeanza kwa kadi 30 mpya kila siku anajitengenezea kadi 150 kwa siku, zaidi ya saa nzima, na kufikia mwezi wa pili boksi liko chini ya kitanda. Nimeyaona maboksi hayo.

Hatua ya 6: Changanya masomo

Usiulize historia yote kisha bayolojia yote. Kadi za leo zichanganye kama karata. Utakosa zaidi mwanzoni na utahisi umerudi nyuma. Endelea. Kwenye mtihani hakuna anayekuambia mapema swali linatoka mada gani.

Hatua ya 7: Kila Jumamosi, swali zima la mtihani wa zamani

Kadi zinakupa matofali. Nyumba lazima uijenge mwenyewe. Chagua swali moja refu, weka saa, funga kila kitu, andika. Sahihisha kwa kalamu ya rangi ya pili. Yale uliyokosa yanakuwa kadi za Jumapili.

Ukikwama

*Kadi zimerundikana kwa sababu niliugua, au nilikuwa shambani wiki mbili.* Usijaribu kuzimaliza kwa usiku mmoja. Acha kutengeneza mpya, fanya 40 kwa siku ukianza na Sehemu ya 1 na 2, hadi rundo liishe. Nyingi za sehemu za nyuma utazikuta bado unazikumbuka.

*Kuna kadi haitoki Sehemu ya 1.* Ukiikosa mara tano, tatizo ni kadi. Ama ina mambo mawili ndani yake, ama huielewi, ama inafanana na nyingine na unazichanganya. Ichane, uandike upya kwa maneno mengine. Zikiwa mbili zinazochanganyika, kama ateri na vena, tengeneza kadi moja inayouliza tofauti yao.

*Ninaijua kadi kwa sababu ya doa la chai lililo pembeni.* Inatokea kweli. Nakili swali kwenye kipande kipya na uligeuze kidogo: ulichouliza kutoka mbele, uliza kutoka nyuma.

*Tunasoma kwa kikundi, tuzitumieje?* Vizuri sana, mradi anayeulizwa apewe nafasi ya kufikiri. Kuna mmoja kila kikundi anayejibu haraka, na wenzake wanabaki wakisema "ah, ndiyo, nilijua." Kila mtu aandike kwanza, ndipo kadi igeuzwe.

*Nimebakiwa na wiki mbili tu.* Basi futa Sehemu ya 4 na 5. Tumia kesho, siku 3, siku 7, na ufanye kadi za mada zinazorudi mara kwa mara kwenye mitihani ya zamani. Mitihani yenyewe ifanye kila siku badala ya Jumamosi. Hutapata yote ambayo miezi minne ingekupa, lakini itakusaidia kuliko kuzungusha macho kwenye noti. Na ulale. Usiku usiolala hauna kadi inayoweza kuulipia.

*Nahisi najifunza polepole kuliko nilipokuwa nasoma tu.* Utahisi hivyo wiki mbili za kwanza, karibu kila mtu. Usipime kwa hisia. Chukua mada uliyoisoma kwa njia ya zamani mwezi uliopita na mada ya kwanza uliyoiweka kwenye boksi, toa karatasi mbili tupu, ziandike zote mbili bila kutazama, uhesabu mistari.

*Mdogo wangu anaingia S.3, nimpe kadi zangu?* Mpe boksi na manila mpya. Zako akitaka kuzitazama, azitazame baada ya kuandika za kwake.